Zamani Kilitupwa Ili Kiokotwe

Mwaka 210 wa Hijria, sawa na 825 Miladia, Khalifa al-Ma'mun aliondoka Baghdad akateremka na mto Tigris hadi Fam al-Silh, karibu na Wasit, kwenda kumchukua mkewe Buran. Baba wa bibi harusi, al-Hasan ibn Sahl, alikuwa ameshika uwaziri na mali anazo. Alikusudia kumwoza bintiye kwa harusi isiyosahaulika, na miaka elfu moja na mia mbili baadaye kweli haijasahaulika. Al-Tabari aliiandika, Ibn Khallikan akaisimulia upya, na kila msimulizi akikawia mahali palepale: pale vitu vilipoanza kurushwa.

Nyanya yake Buran alishika sinia la dhahabu akawamwagia maharusi lulu elfu moja. Khalifa akaamuru zikusanywe, akampa bibi harusi ziwe tunzo yake. Wakuu wa jeshi na jamaa wa ukoo wa Hashim wakarushiwa vidonge vya miski, na ndani ya kila kidonge mna kikaratasi kilichokunjwa. Mtu akidaka, anapasua, anasoma. Huyu kapata shamba, yule kapata mnyama wa kupanda, na mwingine, kwa kuwa ndivyo dunia ile ilivyokuwa, kasoma jina la mtumwa. Kikaratasi kinapelekwa kwa wakili aliyewekwa kwa kazi hiyo, naye anakabidhi kilichoandikwa. Watu wa kawaida walirushiwa dinari, dirhamu na mabonge ya ambari. Usiku ukamulikwa kwa mshumaa wa ambari.

Ambari hiyo haikuwa ngeni kwetu. Mwandishi Mas'udi, aliyesafiri bahari ya Zanj, yaani ya mwambao wetu, na kuondoka kisiwa cha Qanbalu kwa mara ya mwisho mwaka 916, aliandika kwamba ambari bora ni ile inayopatikana kwenye visiwa na fukwe za bahari hiyo. Wavuvi wa mwambao waliokota ufukweni kile ambacho mabwana wa mbali walikichoma na kukitupa kwenye sherehe zao.

Sasa watazame wageni wa Fam al-Silh. Vinara wa jeshi, watu wa vilemba na majoho, wote wameinama. Wanapapasa zulia, wanasukumana mabega, wanachungulia chini ya meza. Pale karatasi ilirushwa harusini, na karatasi ile ilikuwa na thamani ya shamba. Leo karatasi ingali inarushwa, na cheche juu yake, na moshi wa rangi pia, lakini hakuna anayeinama. Hadithi ya safari hiyo ndefu ni hadithi ya vitu vilivyokuwa vikizidi kuwa vyepesi mkononi kadiri vilivyozidi kupendeza machoni.

Tini, jozi na masuke

Kabla ya Baghdad kuwapo, Wagiriki wa Athens walikuwa na ada yao. Bibi harusi akishafika nyumbani kwa mumewe aliketishwa karibu na meko, akamwagiwa tini kavu, tende, njugu na sarafu. Nyumba ilikuwa ikimkaribisha mtu mpya kwa kumwonyesha kwamba hapa hapana njaa, na waliohudhuria waliokota vilivyodondoka.

Warumi walimsindikiza bibi harusi usiku kwa mienge, na njiani bwana harusi aliwarushia watoto jozi. Catullus na Virgil wote wanaitaja desturi hiyo katika mashairi yao. Jozi zilikuwa vitu vya kuchezea vya watoto wa Kirumi, kama gololi kwa watoto wetu, na kijana aliyezitupa alikuwa akiaga utoto wake hadharani. Mwenge uliotangulia msafara nao ulirushwa kwa wageni, wakaugombea kwa sababu uliaminika kuwa na bahati. Hata moto, basi, ulikuwa kitu cha kuokota.

Marabi waliokusanya Talmudi ya Babeli waliliweka jambo hili wazi kuliko wote. Waliruhusu watu kurusha masuke yaliyokaangwa na njugu mbele ya maharusi wakati wa kiangazi, wakakataza wakati wa mvua. Sababu ni rahisi: kwenye ardhi kavu chakula kinaokoteka, kwenye tope kinaharibika. Furaha ya harusi haikuwa kisingizio cha kufuja riziki.

Kwa Wahindu ikawa mchele, uliochanganywa na manjano, tena punje nzima zisizovunjika, kwani baraka haitolewi ikiwa nusu. Mchele ukaingia pia Ulaya, na kufikia miaka ya 1870 Waingereza walikuwa wakiwamwagia maharusi mlangoni mwa kanisa, pengine na kuwatupia viatu vikuukuu. Baadaye sana, mwaka 1985, mbunge mmoja wa jimbo la Connecticut nchini Marekani alipeleka muswada wa kuzuia mchele mbichi harusini, kwa hofu kwamba ndege wakiula utawavimbia tumboni. Hofu hiyo haina msingi, kwani ndege wanakula mpunga mashambani tangu binadamu aanze kuulima. Hata hivyo ilienea, na ikawafungulia njia wauzaji wa vitu vingine vya kurusha.

Lozi inavaa sukari

Italia iliingia katika hadithi hii na lozi. Sukari ilikuwa imefika Sicily pamoja na Waarabu, na baada ya muda watengenezaji wa vitamu walijua kuizungusha lozi ndani ya sufuria ya moto, tabaka juu ya tabaka, mpaka ivae ganda jeupe, laini na gumu. Kitu kilichotengenezwa hivyo kiliitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya kilichoandaliwa, na Waitalia wakalifanya *confetti*. Mji wa Sulmona, milimani Abruzzo, unasifika kwa lozi hizo, na kiwanda kimoja cha huko kinahesabu umri wake tangu 1783. Hadi leo mgeni wa harusi ya Kiitalia huondoka na lozi tano ndani ya kifuko: afya, mali, furaha, uzazi na maisha marefu. Tano kwa sababu haigawanyiki kwa mbili, kama ndoa.

Lozi za sukari zilikuwa ghali, na kanivali ilitaka vitu vingi vya kurushiana. Watu wakavisha sukari punje za giligilani, ndogo na rahisi kuliko lozi. Sukari nayo ikawa ghali mno kutupwa barabarani, wakaiondoa, wakaweka jasi na chokaa. Goethe aliyetazama kanivali ya Roma mwaka 1788 aliona vidonge hivyo vikiuzwa kwa vikapu katika barabara ya Corso, na watu wakipigana navyo mpaka nguo nyeusi zikawa nyeupe. Charles Dickens, aliyepita Roma mwaka 1845, alikuta abiria wa magari ya farasi wamevaa barakoa za waya kulinda macho, na viti vya magari vimefunikwa vitambaa visiharibike. Usiku wa mwisho wa kanivali kila mtu alibeba mshumaa uliowaka, akaulinda huku akijaribu kuuzima wa mwenzake, na barabara nzima ikawa mto wa nuru unaocheza.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka bila mtu kutangaza. Umbo likabaki la tunda la kuliwa, kilicho ndani kikawa chokaa. Wageni wa Fam al-Silh walipasua kidonge wakakuta shamba. Wa Roma walipigwa na kidonge usoni wakaenda kunawa. Kwa mara ya kwanza katika hadithi hii watu walirusha kitu ambacho hakuna aliyetaka kukiokota.

Matundu ya Milan

Mwokoaji alikuwa kiwavi. Lombardia ilikuwa nchi ya hariri, na wafugaji wa viwavi wa hariri walikuwa na hila yao ya usafi. Viwavi hula majani ya mforosadi mchana na usiku na huchafua sana. Mfugaji aliweka majani mabichi juu ya karatasi yenye matundu, akailaza juu yao. Viwavi wenye njaa walipenya matunduni kufuata chakula, na uchafu ukabaki chini. Karatasi hizo zilitobolewa kiwandani, na kila tundu liliacha kiduara kidogo cha karatasi kisicho na kazi.

Enrico Mangili, mwenye kiwanda cha nguo huko Crescenzago, pembeni ya Milan, ndiye anayetajwa kuwa alianza kuviuza viduara hivyo kwa ajili ya kanivali, mwaka 1875. Havikuumiza jicho, havikuchafua nguo, na malighafi yake ilikuwa takataka. Trieste nao wana msimulizi wao: Ettore Fenderl, aliyekuja kuwa mhandisi, alieleza uzeeni kwamba mwaka 1876, akiwa mvulana asiye na pesa za kununua giligilani za sukari, alikata karatasi za rangi vipande vya pembetatu akavimwaga kutoka dirishani wakati kanivali ikipita. Wawili hao hawagombani. Katika miji miwili, karibu wakati mmoja, karatasi iliingia mahali pa sukari kwa sababu mtu hakutaka kugharamika.

Waitalia hadi leo huita karatasi hizo *coriandoli*, yaani giligilani, na neno *confetti* wamelibakizia lozi. Ni sisi wengine tulioyachanganya. Paris ilizipokea mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwanza katika ukumbi wa Casino de Paris, kisha katika kanivali za barabarani, mpaka njia zikazama ndani ya karatasi. Waingereza nao walikuwa wamekwisha kulichukua neno *confetti* kutoka kanivali ya Roma. Katika muongo huohuo walizipa karatasi hizo mpya jina hilo, wakaanza kuwarushia maharusi badala ya mchele. Kilichozaliwa ndani ya kibanda cha viwavi kikapanda ngazi za kanisa.

Jicho lisiloona

Jambo la ajabu ni kwamba kamera ilikuwapo tayari, na mwanzoni haikuweza kuona lolote kati ya hayo. Wapiga picha wa mwanzo walihitaji sekunde kadhaa za mwanga kwa picha moja. Aliyekaa kimya alitoka vizuri. Aliyetikisa kichwa alitoka na sura mbili. Mchele uliokuwa ukianguka haukutoka kabisa. Ndiyo sababu maharusi wa picha za zamani wametulia kama watu wanaosubiri hukumu.

Unguja ilipata studio mapema. A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa, alifungua yake katika miaka ya 1860, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akaanzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Maharusi walikwenda studio, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, mkono juu ya kiti, macho mbele. Shamrashamra zilibaki nyumbani. Vigelegele, mrashi wa marashi, asumini zilizotungwa, vyote vilikuwa vya waliokuwapo. Picha ilikuwa ushahidi kwamba fulani kamwoa fulani. Furaha yao ilibaki midomoni mwa waliokuja.

Mwanga wa kubeba mkononi ulikuja na magnesi. Mwaka 1865 Charles Piazzi Smyth aliiwasha ndani ya Piramidi Kuu ya Giza apate kupiga picha vyumba vya giza, na kila alipowasha, moshi mweupe ulijaa humo ukamzuia kuendelea. Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walichanganya unga wa magnesi na klorati ya potasi, wakapata baruti ya kumulika: mshindo, mwali mweupe, na wingu. Wapiga picha wengi waliunguzwa mikono na nyusi. Kwenye kumbi, baada ya picha moja au mbili, ilibidi madirisha yafunguliwe moshi utoke ndipo kazi iendelee.

Kwa hiyo kwa miaka arobaini na zaidi moshi ulikuwa adui wa picha ya harusi. Globu za kumulika zilizoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1929 ziliufungia mwali huo ndani ya kioo, watu wakashukuru. Miaka miwili baadaye Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, akatengeneza taa ya umeme inayowaka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kurudia tena na tena. Kwa taa yake alisimamisha risasi hewani, na tone la maziwa likirukia juu kama taji. Hapo jicho la kamera likazibuka. Kinachoanguka kikaweza kusimama. Karatasi iliyochukua sekunde mbili kufika chini ikaweza kuning'inia juu ya vichwa vya maharusi milele, na thamani yake ikahama kutoka sakafuni kwenda hewani.

Mshumaa wa maajabu

Vijiti vya cheche vina baba wawili. Wa kwanza ni Mhindi, mwenye fataki ya zamani iitwayo *phuljhari*, yaani inayomwaga maua, inayowashwa hadi leo wakati wa Diwali. Jumuiya za Kihindi za Unguja, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zimekuwa nayo, na watoto wa majirani wasio Wahindi wakaizoea kabla hawajajua jina lake. Wa pili ni Mjerumani, Franz Jacob Welter wa Hamburg, aliyesajili hataza mwaka 1907. Wajerumani wakakiita kijiti hicho mshumaa wa maajabu.

Umaajabu wake ni uhunzi. Waya unachovywa kwenye uji mzito wenye nitrati ya bari inayotoa oksijeni, unga wa alumini, chembe za chuma na gundi ya wanga. Ukiwashwa, kila chembe ya chuma inaruka ikiwaka hewani, sawa na cheche zinazomruka mhunzi anapopiga nyundo, na kaboni iliyomo ndani ya chembe huifanya ipasuke matawi kama nyota. Cheche yenyewe ni ndogo kiasi kwamba ikigusa mkono haiumi sana. Waya ndio wenye hatari: ncha inapita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na hubaki moto kitambo baada ya nuru kuzimika. Wanaojua kazi huweka ndoo ya mchanga au maji mwishoni mwa mstari, kila mtu atumbukize chake.

Cheche ziliingia katika picha kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1914 Frank na Lillian Gilbreth, Wamarekani waliochunguza kazi za viwandani, waliwafunga wafanyakazi vijitaa vidoleni na kuacha lenzi wazi, mwendo wa mkono ukajichora wenyewe kama uzi wa nuru. Mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili alimtembelea Picasso huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, akampa taa ndogo ndani ya chumba chenye giza. Picasso akachora hewani kiumbe nusu mtu nusu farasi, na mchoro huo haukuwahi kuwapo popote isipokuwa ndani ya filamu. Maharusi wa leo wanaochora moyo au herufi za majina yao kwa kijiti cha cheche, lenzi ikiwa wazi kwa sekunde kadhaa na fleshi ikipiga mwishoni kukamata nyuso zao, wanafuata mkono ule. Wageni waliosimama pale hawakuona moyo wowote, waliona mtu akizungusha mkono gizani.

Moshi wa kuondoka nao na moshi wa kuachwa

Mwambao haukufundishwa na mtu kwamba harusi ina moshi. Nguo za bibi harusi hufukizwa, nywele zake hufukizwa, na mgeni anapofika chetezo huletwa karibu yake, udi ukipanda taratibu kutoka kwenye makaa. Mwanamke huinua ncha ya mtandio au buibui akauruhusu moshi uingie. Akirudi kwake, hata kesho yake, wa nyumbani wanajua alikotoka. Moshi wa udi haushikiki kwa mkono, lakini nguo huushika, na hivyo kila mwalikwa huondoka na fungu lake la harusi.

Moshi wa rangi una ukoo mwingine. Majeshi yalihitaji ishara inayoonekana mbali mchana, kwa rubani au kwa kikosi cha upande wa pili wa bonde, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na kopo la kurusha, M18, lenye rangi nne: nyekundu, kijani, manjano na zambarau. Siri yake ni kuutawala moto. Ndani ya kopo mna rangi ya unga, klorati ya potasi na sukari ya kuwaka kwa joto la wastani, pamoja na magadi ya kulipoza. Joto hugeuza rangi kuwa mvuke, mvuke ukikutana na hewa baridi unaganda kuwa vumbi laini linaloelea. Joto likizidi, rangi yenyewe inaungua na moshi unatoka mchafu. Sukari imerudi katika hadithi yetu, safari hii ndani ya kopo la askari.

Kutoka vitani makopo yalikwenda viwanja vya mpira vya Ulaya, na kutoka huko mikononi mwa wapiga picha. Sababu ni za kiufundi kabisa: moshi hufunika mandhari mabaya, huonyesha mwanga unakotokea, na ukipigwa taa kutoka nyuma huwaka kama pazia. Miaka tisini baada ya kushangilia globu iliyowaondolea wingu, wapiga picha wanalinunua wingu. Nalo lina deni lake. Vumbi lile ni rangi halisi, na upepo ukigeuka shela jeupe linapata doa lisilotoka kwa sabuni. Kopo lenyewe huwa la moto, na kwenye nyasi kavu ni kiberiti. Mnamo Septemba 2020 huko California familia moja iliwasha kifaa cha moshi mbele ya kamera kutangaza jinsia ya mtoto mtarajiwa. Moto ukatoroka, ukaunguza zaidi ya ekari 22,000, na mzimamoto mmoja akafa.

Ukumbini

Kanisani kumekwisha, au mkeka wa nikahi umekwisha kunjwa, na sasa ni saa tatu usiku katika ukumbi wowote wa Dar es Salaam. Kamati imekaa vikao tangu Januari, michango imefuatiliwa kwa ujumbe na kwa simu, na katika bajeti, baina ya keki na gari la maharusi, kuna mstari usiokuwapo katika harusi za wazazi wao: mashine ya moshi na fataki baridi. Mshereheshaji anawasimamisha watu. Barafu kavu, ambayo ni hewa ukaa iliyogandishwa hadi nyuzi 78 chini ya sifuri, inatumbukizwa katika maji ya moto, na ukungu mzito unatambaa sakafuni mpaka maharusi wanaonekana kucheza juu ya mawingu. Pembeni chemchemi mbili za cheche zinapanda. Zinaitwa baridi, ingawa zinatokana na chembe za metali kama titani zilizopashwa moto hadi zikawaka. Bomba la hewa iliyoshindiliwa linapasuka juu, na karatasi zinazong'aa zinaanza kuteremka.

"Shemeji, usifumbe macho! Kaka, mbusu kwenye paji. Tena! Tunarudia!"

Kurudia hiyo ndiyo alama ya zama zetu. Jozi za Kirumi zilirushwa mara moja. Leo kopo la pili linafunguliwa kwa sababu la kwanza lilipasuka kabla lenzi haijawa tayari. Na zile karatasi si karatasi tena. Nyingi ni plastiki iliyopakwa metali, kwa kuwa inarudisha mwanga vizuri zaidi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania bara ikafuata Juni 2019, lakini duara lenye upana wa ukucha si mfuko, nalo linapita.

Tusiwaonee maharusi. Harusi ya leo ina wageni wengi wasiokuwapo ukumbini. Shangazi yuko Muscat, kaka yuko Toronto, rafiki wa shule amekosa nauli kutoka Mwanza. Hao hawawezi kufukizwa udi wala kuonja pilau. Kinachowafikia ni picha, na picha ya watu wawili ndani ya mvua ya dhahabu inasema kwa sekunde moja kile ambacho barua ya kurasa tatu ingesema. Labda ndiko kuokota kulikohamia. Watu wameinamia simu zao, kila mmoja akidaka kidonge chake. Anayeamini hivyo hajakosea kabisa. Tatizo ni kwamba ukumbi una dari, na chini ya dari kuna watu wa kweli.

Tarehe 26 Septemba 2023, katika wilaya ya al-Hamdaniya mkoani Ninawi, kaskazini mwa Iraq, maharusi walikuwa wakicheza wakati fataki zilipowashwa ndani ya ukumbi. Cheche zilipanda zikakuta mapambo yaliyoning'inia darini, na nyuma ya mapambo paneli za bei nafuu zinazoshika moto upesi. Dari iliwaka, vipande vikawaangukia watu, milango ikawa michache. Walikufa watu zaidi ya 100. Kamera zilikuwa zikirekodi, na dunia ikaona dakika ile. Nchi ni ileile ya Fam al-Silh, mto ni uleule ukiufuata kwenda juu. Kule mshumaa wa ambari uliwaka katikati ya lulu na watu wakarudi kwao na mashamba. Huku wengi hawakurudi kabisa.

Wapo pia wanaorudi nyuma kidogo. Makanisa mengi ya Uingereza yanakataza karatasi na kuruhusu maua yaliyokaushwa. Huko Worcestershire mashamba ya maua ya rangi ya samawati na waridi hulimwa mahsusi kwa ajili ya kurushwa. Mtu wa Lamu au Unguja akisikia habari hiyo anacheka: asumini zilikuwapo siku zote.

Ukumbi wa Dar es Salaam umenyamaza sasa, ni alfajiri. Mama mmoja ameingia na fagio na ndoo. Viduara vya fedha vimeng'ang'ania sakafu kwa soda iliyomwagika, haviondoki kwa kufagiwa. Inabidi ainame, avibandue kimoja kimoja kwa kucha. Chini ya meza ya wazazi, kati ya nyaya nyeusi zilizoungua, anakuta kijiti kimoja cha cheche ambacho hakikuwashwa. Anakipangusa kwa upindo wa kanga, anakitazama pande zote mbili, na anakitia kifuani amwekee mwanawe.